Amri ya Saba na Kompyuta za Ofisini Kwetu



Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu, juma hili hatutaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tutaanza na kompyuta sita zilizopo katika ofisi ya parokia na katika chumba cha mafunzo ya vijana. Kompyuta hizo zimezua mjadala mkali katika kikao cha kamati ya fedha, nasi tuliahidi mbele ya wajumbe kwamba tutajibu kwa maandishi ili kila muumini asome na kupima mwenyewe.

Hoja ya wajumbe ilikuwa hii. Windows 10, mfumo uliokuwa ukiendesha kompyuta hizo, ulisitishiwa huduma na kampuni ya Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu siku hiyo marekebisho ya kawaida ya usalama yalikoma. Kwa watumiaji binafsi kampuni ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja tu, hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haizikubali mashine zetu, kwa sababu inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakato cha miaka ya karibuni, na zetu ni za msaada, zilizokwisha kutumika Ulaya kabla ya kutufikia. Basi wajumbe wakapendekeza ziuzwe kama vyuma chakavu na tununue sita mpya kwa fedha za mavuno. Mjumbe mwingine, kijana msomi na mkarimu, akatoa njia ya mkato: “Baba Paroko, yupo fundi pale sokoni, ataiweka Windows 11 kwa nguvu. Elfu ishirini kwa kila mashine, na leseni atajua mwenyewe.” Kikao kikacheka. Sisi hatukucheka, lakini pia hatukukemea, na ukimya huo ndio unaotusukuma kushika kalamu leo.

Hatukukemea kwa sababu tulijua tumekalia nini. Hata hiyo Windows 10 iliyokuwa ikiombolezewa kikaoni haikupata kulipiwa. Wala ile ya kabla yake. Wala programu ya kuandikia barua. Kwa miaka mingi ofisi hii imetoa vyeti vya ubatizo, barua za utambulisho na matangazo ya ndoa kwa kutumia mali ambayo mwenyewe hakuitoa, nasi tulikuwa tukitia sahihi chini yake kwa utulivu kabisa.

Tunajua utakachojibu, ndugu msomaji, maana hata sisi tulijijibu hivyo. Utasema kunakili si kuiba: ukichukua mbuzi wa jirani, jirani hana tena mbuzi, ukinakili programu, mwenyewe bado anayo. Hoja hii ina mvuto, na tunakiri kwamba wataalamu wa sheria na maadili wameijadili kwa undani kuliko tunavyoweza hapa. Lakini turudi nyumbani kidogo. Mwaka 2012 kwaya yetu ilirekodi nyimbo zake kwa fedha zilizochangwa kwa taabu. Kabla ya mwezi kwisha nakala zilikuwa zikiuzwa stendi kwa bei ya andazi, na wanakwaya hawakupata hata nauli ya kwenda studio kulalamika. Hakuna mwanakwaya aliyesema, “Si kitu, nyimbo bado tunazo.” Walilia kwamba wameibiwa, nasi tukaungana nao. Tuliandika barua kali ya malalamiko tukitaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hiyohiyo inalinda pia programu za kompyuta. Barua ile tuliiandika kwa programu ya wizi, juu ya Windows ya wizi, katika kompyuta ileile iliyopo mezani petu tunapoandika haya.

Utasema pia kwamba sisi ni maskini. Hapa tuwe wakweli, kwa kuwa mafundisho ya Kanisa hayamdharau maskini katika jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inafundisha kwamba mtu aliye katika hitaji la dharura lililo dhahiri, asiye na njia nyingine ya kupata chakula, malazi au mavazi, hahesabiwi mwizi akitwaa kilicho cha mwingine. Tulipokuwa seminari tuliijadili hoja hii mpaka usiku wa manane. Windows si mkate. Na hata tukikubali kwa ajili ya mjadala kwamba ofisi ya leo haiwezi kufanya kazi bila kompyuta, bado sharti moja halitimii: njia nyingine ipo, ni halali, na haina gharama ya leseni. Kabla ya kuijua njia hiyo labda tungesamehewa kwa ujinga wetu. Tukiisha kuijua, kisingizio kimekwisha.

Wapo wasemao kwamba kampuni yenyewe inajua na inanyamaza, kwa hiyo imeridhia. Ni kweli kwamba inajua. Mwaka 1998 Bill Gates, akizungumza katika Chuo Kikuu cha Washington, aligusia nchi ambazo watu hawalipii programu, akitoa mfano wa China. Alieleza kwamba maadamu watu wataiba, ni heri waibe programu za kampuni yake, kwa kuwa watazizoea kama mtu anavyozoea kilevi, na siku za mbele kampuni itapata namna ya kudai malipo. Hiyo mtaiita ridhaa? Sisi tunaiita chambo. Samaki anayekula mnyoo bure hajapewa sadaka na mvuvi. Tazameni jinsi sisi wenyewe tulivyonaswa: huduma ya mfumo mmoja ilipokoma, kamati nzima ya fedha, watu wazima wenye akili timamu, ilikuwa tayari kutupa mashine sita nzima zisizo na ugonjwa wowote.

Kuhusu bei, hatutaki kuipamba. Katika duka la Microsoft nchini Marekani, Windows 11 Home imekuwa ikiuzwa dola 139 na toleo la Pro dola 199. Kwa fedha yetu hata ile ya chini inapita shilingi laki tatu kwa kompyuta moja, kabla ya programu za kuandikia. Bei ni kubwa, na mtu ana haki ya kusema ni kubwa mno. Lakini bei kubwa inatupa haki ya kutonunua. Haitupi haki nyingine.

Tuwasimulie sasa yaliyotupata, kwa sababu wengi mmewahi kuuliza kwa nini vyeti vya ubatizo vilichelewa sana mwaka 2019 na hatukuwajibu sawasawa. Karani wetu alikuwa amefanya kazi miaka miwili akivinakili vitabu vya ubatizo katika kompyuta, jina kwa jina, tangu kitabu cha kwanza cha mwaka 1961. Ni kazi ya kuumiza macho: mwandiko wa mapadre wa zamani, wino uliofifia, majina yaliyoandikwa kwa tahajia tatu tofauti katika ukurasa mmoja. Kompyuta ikapata kasoro, tukamwita fundi aiwekee mfumo upya. Kama wafanyavyo wengi, kabla ya kutumia kifunguo bandia cha kuihadaa leseni, alizima kwanza kinga ya virusi, kwa kuwa kifunguo hicho hakifanyi kazi kinga ikiwa macho. (Mgeni anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia, na tena usiku, ungemfungulia mlango?) Siku ya nne mafaili yote yalikuwa yamefungwa kwa fumbo, na kwenye kioo kukatokea tangazo la Kiingereza likidai mamia ya dola kwa sarafu ya mtandaoni. Nakala ya akiba ilikuwepo, ndani ya flashi iliyochomekwa katika mashine hiyohiyo, nayo ikafungwa. Miaka miwili ya macho ya yule mama ikaisha asubuhi moja. Vitabu vya karatasi vilikuwa kabatini, salama, havijui lolote.

Fundi hatumlaumu peke yake. Sisi ndio tuliomwambia atumie njia ya bei rahisi.

Njia ile nyingine ni ipi? Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu mama inayoiamsha mashine na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Windows ni mfumo mmoja wapo. Haukushuka kutoka mbinguni pamoja na kompyuta. Mnamo Septemba 1983 Mmarekani Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT, alitangaza mradi wa kuandika mfumo mzima ambao kila mtu angeruhusiwa kuutumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza ndani, kuurekebisha na kumgawia jirani. Aliuita GNU. Miongoni mwa mambo yaliyomkera lilikuwemo jambo dogo ambalo kila karani wa parokia atalielewa: mashine ya kuchapa iliyokuwa ikikwama karatasi. Stallman alitaka kuirekebisha programu yake, lakini aliyekuwa na maandishi ya ndani ya programu hiyo alikataa kumpa, kwa kuwa alikwisha kuahidi usiri. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, Linus Torvalds, akatangaza kiini cha mfumo alichokiandika mwenyewe. Mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ileile iliyotungwa na akina Stallman, ambayo inamtaka anayegawa programu iliyorekebishwa aigawe pamoja na ruhusa zilezile alizozipokea. Kiini hicho ndicho Linux.

Hapa Kiswahili chetu kinatusaidia. Waingereza wana neno moja kwa mambo mawili, hata imewalazimu kutumia miaka wakifafanuana. Sisi tunayo mawili, bure na huru, na kutoka hilo la pili wataalamu wetu wamepata “programu huria”. Tatizo letu liko katika neno la kwanza, kwa maana bure kwetu ni bila malipo, na pia ni bila faida: kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Mjumbe wetu mmoja alisema kikaoni, “Kitu cha bure hakiwezi kuwa kizuri.” Tulimwomba atoe simu yake mfukoni. Ilikuwa ya Android, na Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Kwa simu hiyo anatuma ada za watoto na kupokea malipo ya mahindi yake, na hajawahi kuilalamikia kwamba ni ya bure. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zilizo katika orodha ya zile zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Wanaozitumia si watu wa kubahatisha.

Jambo hili pia si geni kwetu Waafrika, ingawa tunalipokea kana kwamba limeletwa jana. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa aina hii na kuupa jina Ubuntu, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulielewa, kwani ni ndugu wa damu wa utu. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisini kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Hadi mwaka 2011 diski za Ubuntu zilitumwa kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeomba. Sisi tulikuwa seminari kuu wakati huo, na bahasha zile zilifika. Tunaona aibu kusimulia kwamba diski zile ziliishia bustanini, zikining’inia kwa kamba kufukuza ndege kwenye mtama. Zilifanya kazi hiyo vizuri.

Basi tukarudi kwa ndege tuliowafukuza. Mwezi uliopita, tukisaidiwa na vijana wawili wa parokia, tulipakua Linux Mint kutoka mtandaoni na kuiweka katika flashi. Jambo lililotushangaza ni kwamba mfumo huu unaweza kuujaribu moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote ndani ya kompyuta. Usipopendezwa, unachomoa flashi na kuondoka. Tuliujaribu siku tatu. Kisha tukahifadhi mafaili yote katika diski mbili tofauti, zisizochomekwa (somo tulilokwisha kulilipia), ndipo tukauweka kabisa. Toleo jepesi tulilochagua linaridhika na kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndizo zinazopendekezwa. Mashine iliyokuwa ikitupa nafasi ya kusali fungu zima la rozari kabla haijawaka, sasa inawaka kabla ya Baba Yetu kwisha. Barua zetu za zamani zinafunguka kwa LibreOffice. Nyingine majedwali yake yalisogea, na karani alinung’unika siku mbili nzima, kwa haki. Ratiba ya misa ilibidi aipange upya.

Hatutaki kuwadanganya kwamba kila kitu ni rahisi. Mashine yetu ya kunakilia picha za nyaraka haikukubali hata kidogo. Programu ya mahesabu ambayo hesabu zetu zimo ndani yake inataka Windows, na hatuwezi kuibadili peke yetu. Kwa hiyo tumekubaliana na kamati kununua kompyuta moja mpya iliyo na Windows halali, yenye risiti, kwa ajili ya mhasibu. Moja, badala ya sita. Tafsiri ya Kiswahili ya mifumo hii haijakamilika, na kuna siku menyu inakusalimu kwa Kiswahili na kukuaga kwa Kiingereza. Wala msiamini wasemao kwamba Linux haishambuliki. Inashambuliwa, ila virusi vingi vinavyozunguka katika flashi za mitaani vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na programu haijisakinishi katika mfumo mpaka aliyekabidhiwa aandike neno la siri.

Mmoja wa wajumbe, mtu anayesoma sana, alituletea mfano wa jiji la Munich. Baraza la jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000 kufikia mwaka 2013, kisha mwaka 2017 likapiga kura kurudi Windows. “Ikiwa Wajerumani wameshindwa, sisi ni nani?” Tunaheshimu mfano huo, na ni kweli kwamba watumishi wengi wa jiji walilalamika. Lakini mfumo ule uliwafanyia kazi kwa miaka mingi kabla wanasiasa hawajapiga kura. Na hapohapo Ulaya, askari wa gendarmerie wa Ufaransa walianza kuhamia Ubuntu mwaka 2008 na kuendelea nayo, na mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, huko huko Ujerumani, lilitangaza kuzihamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali yake. Tena Munich walikuwa na uchaguzi tusiokuwa nao. Wao waliporudi Windows, walirudi wakilipa.

Hoja iliyotugusa zaidi ni ya mama mmoja mwenye binti katika mafunzo ya vijana. Anahofu kwamba binti yake akijifunza Linux hatapata ajira, kwa maana maofisini wanataka Windows. Mama huyu hana ubishi wa vikao. Anauza vitumbua ili mtoto afike mahali. Tunamjibu kwa unyenyekevu. Binti atakayejifunza kupanga jedwali la hesabu, kuandika barua rasmi, kutunza mafaili na kuhifadhi nakala ya akiba, atafanya hayo kwenye mfumo wowote baada ya siku chache za kuuzoea, na kwenye kompyuta ya mhasibu tutapanga zamu ili kila mwanafunzi aishike pia Windows. Lakini tukimfundisha kwa programu iliyoibwa, ndani ya jengo lenye msalaba juu ya paa, somo la kwanza atakalolishika si la kompyuta. Tumemfundisha tayari kwamba amri ina mlango wa nyuma kwa wale wanaomjua fundi.

Tuseme neno pia kwa vijana wetu wawili waliotusaidia, ambao bidii yao tunaishukuru. Msiwacheke wanaotumia Windows waliyoilipia. Hawakutenda kosa lolote. Tumewaona watu walioligeuza jambo hili kuwa madhehebu, wakihukumiana kwa rangi ya kioo na aina ya menyu. Tuna madhehebu ya kutosha mjini hapa.

Kwa mafundi wa sokoni, ambao wengi ni waumini wetu na wanasoma ukurasa huu: hatuwanyang’anyi riziki. Kuweka mfumo huria, kuhamisha mafaili, kumfundisha mteja, kurekebisha mashine ya kuchapa isiyokubali, yote hayo ni kazi, na kazi inastahili ujira. Ile elfu ishirini tutailipa kwa furaha. Tutailipa kwa ajili ya mikono yenu.

Jumamosi hii, baada ya misa ya asubuhi, chumba cha mafunzo kitakuwa wazi hadi saa nane mchana. Atakayependa kujaribu aje na kompyuta yake pamoja na chaja, na kabla ya hapo awe amehifadhi mafaili yake mahali pengine. Asiyefanya hivyo atarudishwa nyumbani, hata akiwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Flashi tunazo. Karani naye ameanza upya kunakili vitabu vya ubatizo, safari hii katika mfumo ambao ofisi inautumia kwa halali, na amefika mwaka 1974. Wote waliobatizwa hapa kabla ya mwaka huo tunawaomba wafike ofisini, Jumanne au Alhamisi, wahakiki tahajia ya majina yao na ya wazazi wao.